Mlima Uliosimama kwa Kichwa

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Waliotunga methali hii walitaka kutufunza kwamba aliyekula chumvi nyingi amekutana na mambo ambayo kijana hajayaota. Hilo halina ubishi. Lakini methali ni kama fimbo: mmoja huitembelea, mwingine huwachapia wenzake. Bibi Kalyipa, wa malisho ya juu katika milima ya Wakirgizi, alikuwa wa kuchapia.

Ukimwambia umeona tai mkubwa, yeye alishaona tai aliyebeba ndama, na mama wa ndama akining'inia mkiani. Ukimwambia theluji imefika magotini, yeye alishaona theluji iliyomfukia ngamia ikabakiza nundu tu, wasafiri wakaikalia wakanywa chai. "Kuishi kwingi ni kuona mengi, mwanangu," alihitimisha kila mara, kisha akageuza bakuli lake la chai kifudifudi, na mazungumzo yakawa yamefungwa.

Mjukuu wake Saikal alikuwa darasa la nne. Shule zilipofungwa, familia ilipanda malishoni na kondoo wake kama kila kiangazi, lakini akili ya Saikal ilibaki darasani. Katika wiki ya mwisho ya masomo, Mwalimu Nurzat aliwaambia watoto wazibe madirisha yote kwa mablanketi, akatoboa kitundu katika kipande cha kadibodi kilichoziba dirisha moja, akasema, "Sasa nyamazeni, msubiri."

Walisubiri. Ukutani pakatokea doa jeupe, doa likawa rangi, rangi zikawa barabara ya kijiji chao. Lakini barabara ilikuwa juu na mbingu ilikuwa chini. Miti mirefu ya mipopla ilining'inia kama popo. Punda wa jirani alipita miguu juu, mgongoni kabeba nyasi kavu, wala usianguke hata unyasi mmoja. Kisha mwalimu mkuu akatokea akimfukuza, kofia chini, buti mbinguni. Hakuna aliyecheka, hata yule mvulana wa dawati la nyuma aliyewahi kucheka mazishini.

Mwalimu alieleza kwamba nuru haijui kupinda. Inayotoka kileleni ikipenya tunduni huenda moja kwa moja hadi chini ukutani, na inayotoka chini hupanda juu. Saikal alielewa. Hata hivyo, kuelewa hakukumpunguzia mshangao hata punje. Ilikuwa kama kujua jina la mtu umpendaye: ukishalijua, ndipo unapompenda zaidi.

Alipomsimulia bibi yake, Bibi Kalyipa alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Punda nimewaona wengi, mjukuu wangu. Na wote walikanyaga chini."

Basi Saikal akaazimia kumwonyesha. Kikwazo kilikuwa hema. Hema lao la zamani lilikuwa limetoboka kama chujio, nuru ikiingia kila upande, na penye taa mia nani atamwona kimulimuli? Lakini kando yake lilisimama hema jipya la dada yake Zuura, aliyekuwa karibu kuolewa. Wanawake walikuwa wameitandaza sufu, wakaimwagia maji ya moto, wakaiviringisha na kuikanyaga vuli nzima iliyopita hadi ikashikana, nyeupe na nzito, isiyopitisha hata mbu mwenye haraka. Ndani, pazia jeupe la kumsitiri bibi arusi lilikwisha kutundikwa. Na kila mtu alijua mwiko: hema la arusi lisifike ukweni na tundu ukutani, kwani bahati ya nyumba itavujia hapo.

Saikal aliujua mwiko huo vizuri. Lakini hamu ya kuonyesha ajabu ni kama chafya, haizuiliki kwa adabu. Alichukua msharasi wa kushonea matandiko ya farasi, akatoboa upande uliotazama mlima, mkabala na pazia, tundu la kupenya kidole, kisha akafunika tundu la moshi paani, akafunga mlango, akakaa kulitazama pazia.

Siku hiyo mbingu ilikuwa imenuna. Pazia likaonyesha ukijivu tu, kama maji yaliyooshea sufuria. Alingoja mlima utokee. Akatokea Bibi.

"Nani katoboa?"

"Mimi, Bibi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uone mlima."

"Mlima uko nje," Bibi alisema taratibu, na utaratibu huo ulitisha kuliko kelele. "Na mlango ule pale."

Hukumu ilitolewa papo hapo. Vuli ikifika, wenzake watashuka na mikoba yao kurudi shule; yeye atabaki na bibi yake na kondoo. Kondoo hawatoboi mahema. Baba yake Saikal alisikia, akainama kukaza kamba ambayo haikuwa imelegea. Katika ukoo ule Bibi akishasema, hata mbwa hubadili upande wa kulalia.

Wakwe walikuwa waje kesho yake kulikagua hema. Kiraka kingekuwa aibu kubwa kuliko tundu lenyewe. Bibi akasokota kibonge cha sufu nyeupe, akalizibia tundu, akamwamuru Saikal: wageni wakifika, akae hapo mgongo ukutani, amimine chai, wala asisogee hata akitambaliwa na nyoka.

Wakaja, wakiongozwa na Mzee Osmonkul, babu wa bwana arusi. Watu walisema alimlilia mkewe wiki moja na farasi wake mwekundu mwaka mzima, na yeye mwenyewe hakukana. Aliwaacha farasi wake wakila majani kando ya hema, upande wa mlima, akaingia, akaanza kuipapasa sufu kwa kiganja, hatua kwa hatua kama tabibu apapasaye tumbo la mgonjwa. Alipokaribia pale alipoketi Saikal, mvua ilishuka. Mvua ya huko juu haibishi hodi. Mlango ukafungwa, tundu la moshi likafunikwa, wote wakaketi katika giza la ndani ya gunia, wakila maandazi kwa kubahatisha midomo.

Mzee Osmonkul akauliza huyu binti mdogo yuko darasa la ngapi.

"Alikuwa la nne," Bibi alijibu. "Kasoma vya kutosha."

Saikal alilisikia neno hilo likimshukia kama kifuniko cha kisima. Akaisikia pia mvua ikipungua, ikadondoka, ikanyamaza. Chini ya mlango ukachomoza uzi wa jua. Akajua kwamba nje, nyuma ya mgongo wake, mlima mzima ulikuwa umeoshwa na unang'aa. Akichomoa sufu ile, huenda arusi ya dada yake ikavunjika. Asipoichomoa, shule imekwisha, na Bibi atakufa akidhani ameyaona yote.

Akapeleka mkono nyuma, akachomoa, akasogea kando.

Kwanza palikuwa na ukungu pazia zima. Kisha ukungu ukajikusanya, ukatulia, ukawa dunia. Chini kabisa, karibu na mabakuli ya chai, palitanda mbingu ya buluu. Mlima ulining'inia ndani yake, kilele na theluji yake vikielekea ardhini kama kiwele cha ng'ombe aliyejaa maziwa. Wingu lilipita polepole chini ya mlima. Juu yalimeta majani mabichi, yakidondosha matone kuelekea juu. Na katikati ya majani hayo, farasi, miguu yote mbinguni, manyoya ya shingo yakichezewa na upepo usiofika ndani. Hakuna aliyetafuna. Hakuna aliyemeza.

Sasa, kwa mfugaji, farasi aliyeinua miguu yote minne ana maana moja tu.

"Farasi wangu wamekufa," Mzee Osmonkul alisema kwa sauti ya yatima, akatoka mbio bila viatu.

Mlango ulijirudi nyuma yake. Wakamwona akitokea pazianimo, kichwa chini, akikimbia juu ya mbingu, akiwakumbatia farasi shingo mmoja baada ya mwingine. Mlima ukaanza kutetemeka; ni Zuura, nyuma ya pazia, aliyekuwa akijizuia kucheka.

Mzee alirudi, akatazama, akatoka tena. Akaupungia mkono mlima. Pazia likawapungia waliomo. Aliporudi mara hii aliketi polepole, maji yakimchuruzika magotini, akanyoosha kidole kwenye tundu.

"Mama, hili limetoboka lenyewe, au limetobolewa?"

Hema zima lilimgeukia Bibi Kalyipa. Saikal alifungua kinywa akubali kosa, lakini Bibi hakuwa akimtazama yeye wala mkwe wake. Alikuwa akiutazama mlima alioishi chini yake tangu kuzaliwa, macho yamemtoka kama ya mtoto mchanga anayeona moto kwa mara ya kwanza.

"Limetobolewa na mjukuu wangu," alisema mwishowe. "Ni mwanafunzi. Vuli hii anaingia darasa la tano."

Mzee Osmonkul akashika ndevu. "Basi msilizibe. Bahati inayoingia hivi, ivuje itakavyo."

"Wewe uliyeona kila kitu," baba yake Saikal alithubutu kuuliza, "na hili uliwahi kuliona, Mama?"

"Sijawahi."

Neno hilo halikuwahi kusikika katika ukoo ule. Wapo wanaoapa kwamba kondoo wote waliacha kula wakageuka kutazama.

Baadaye Bibi alilizungushia tundu lile uzi mwekundu, akalishonea kifuniko kidogo cha sufu kinachofunguka na kufunga, kama kope. Lakini siku ile hakushika sindano. Wageni walipoondoka alibaki palepale, Saikal ubavuni, hadi jua likatua na mlima ukayeyuka pazianimo. Bakuli lake la chai lilikuwa wima, halijageuzwa.

"Hebu nieleze tena ile habari ya nuru," alisema. "Na huko shuleni, wana nini kingine?"

Ndipo Saikal alipojua kwamba bibi yake hakuwa amekosea miaka yote ile, ila alikuwa ameharakisha kumaliza kuona: kuishi kwingi ni kuona mengi.