Nyati Achagua Jeli Tamu

"Ngano, jamani, ngano!"
"Ilete, japo tumechoka!"
"Hata mimi nimechoka. Niilete?"
"Ilete polepole!"

Kiangazi kimoja, Nyati alijilaza mbele ya kisima cha mwisho. Mwenye kiu akija, Nyati alisema, "Nishinde kwanza. Tuzunguke mlima, turudi hapa."

Alikimbia Ngiri, akashindwa. Alikimbia Nungunungu, akashindwa. Akaja Mama Pimbi, mdogo, mchovu, na watoto wake midomo imewapasuka kwa kiu.

"Nitakimbia mimi, Bwana Nyati."

"Kwa miguu hiyo? Si utafika mwakani!"

Desturi ya mbio hizo, kila mkimbiaji alipewa kibuyu cha maji na jeli za kula njiani, na mkubwa ndiye aliyechagua kwanza. Kobe alizipika, akazifunga kwa majani. Fungu moja lilikuwa asali tupu. Fungu la pili lilikuwa asali kidogo, ukwaju na chumvi.

Mama Pimbi akaguna. "Jamani, sisi wanyonge tuachieni tamu. Za chumvi apewe mwenye nguvu."

"Nani kakuambia uchague?" Nyati akafoka, akazoa tamu zote. Maji yake akayamaliza palepale, gudu-gudu-gudu, asije akabeba mzigo.

Wakaondoka. Nyati puu-puu-puu. Pimbi chaka-chaka-chaka.

Jua likawaka. Nyati alitangulia mbali, akajilaza kivulini. Pimbi akala jeli moja ya chumvi, akanywa funda la maji, chaka-chaka-chaka, akamfikia.

"Bwana Nyati, umechoka?"
"Sijachoka!"
"Basi kula jeli."
"Nitakula!" Mpwaa!

Nyati akatimka, puu-puu, akajilaza tena. Pimbi akafika.

"Bwana Nyati, umechoka?"
"Sijachoka!"
"Basi kula jeli."
"Nitakula!" Mpwaa! Mpwaa!

Nyuma ya mlima, tumbo la Nyati likanguruma, gurrr. Ulimi ukanata. Akainuka, mguu ukakaza, kakaka! Akaanguka, tii!

"Bwana Nyati, umechoka?"
"Si... sijachoka. Maji unayo, mama?"
"Ninayo."
"Na jeli ya chumvi?"
"Ninayo moja."
"Nipe basi."
"Aa, bwana mkubwa, wewe si ulishachagua?"

Chaka-chaka-chaka, akaenda zake.

Kisimani hakushangilia. Alianguka kifudifudi, watoto wakamruka wakaenda kunywa. Ngiri akanywa, Nungunungu akanywa, wote wakanywa.

"Mama, maji haya hapa!"

"Kunyweni tu, wanangu. Nikiweza kuinuka, nitakunywa."

Nyati alifika jua limeshazama, anachechemea, akapanga foleni nyuma ya panya.

Ngano yangu imeishiwa pumzi. Mlioipenda nendeni nayo, msioipenda iacheni hapa ilale. Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: ukiwa na safari ndefu, chagua kilicho kitamu, ukile chote, maji yamalize mlangoni. Kisha mkamwulize Nyati kama alichoka. Atawaambia hakuchoka.