Nyama Isiyotuliwa na Nzi

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu au ya vifaranga? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nyama!

— Na mlaji!

Na nzi je?

— Wapo!

Na wasipokuwapo?

— Msile!

Haya. Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mbele huko sitaki kelele.

Hapo kale, pori lilipokuwa bado halijazoea shoka, palikuwa na mwindaji jina lake Makwinya. Alikuwa hodari, sikatai. Lakini mdomo! Akiua digidigi, mpaka habari ifike kisimani, digidigi amekuwa nyati. Mkewe alikuwa Somoe, mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Walikaa ua mmoja na mama yake Makwinya, Bi Likongo, kizee aliyependa nyama kuliko alivyopenda kuamka. Na mbwa wao aliitwa Mtakoma.

Nchi yenyewe ilikuwa ya joto. Msidhani kuwinda kwenye joto ni kubeba upinde ukaenda kutembea. Mnyama hutembea alfajiri. Jua likipanda amelala kivulini, anakuona kabla hujamwona. Jasho lako linatangulia kumwambia unakuja. Ndiyo maana wawindaji hubeba kifuko cha majivu, wakakitikisa kidogo kuuliza upepo unaelekea wapi. Kupe wanakupanda miguuni, mbung'o wanakuchoma mgongoni, na mto uliouacha na maji unaukuta mchanga. Ukishaua, hapo ndipo mbio zinaanza. Nzi wamefika kabla hujamaliza kuchuna, na nyama ya asubuhi isipobanikwa, jioni hata fisi anaiuliza maswali.

Hayo yote Makwinya aliyajua. Aliloshindwa lilikuwa moja, tena dogo.

Desturi ya pale ilisema hivi: ukiua, ulimi wa mnyama si wako. Unaukata, na ukirudi nyumbani unauweka juu ya kisiki cha mninga, pale pori linapoanzia. Unageuka, unaondoka. Huangalii nyuma. Nani anauchukua? Mwenye pori. Yukoje? Ee, wewe! Nimekwambia watu hawaangalii nyuma, halafu unaniuliza yukoje!

Mara ya kwanza Makwinya akaua swala, akaupita mninga, akala ulimi. Somoe akamwambia, "Bwana, hicho si chetu." Akacheka. Hakikutokea kitu.

Mara ya pili akaua kongoni, akaupita mninga, akala ulimi. Somoe akamwambia, "Bwana, mla cha mwenziwe na chake huliwa." Akacheka, mama yake naye akacheka huku analamba vidole. Hakikutokea kitu.

Mara ya tatu akaua pofu mnono, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe. Akaupita mninga, akala ulimi, akajifuta mdomo. Akasema, "Mwenye pori akiutaka, aje anidai mwenyewe. Njia si anaijua?"

Safari hii Somoe alikuwa ametega sikio nje. Alisikia kuku wamenyamaza uani, wote kwa pamoja.

Siku chache zikapita, Makwinya akaondoka tena alfajiri na Mtakoma wake. Kule kwao, mume akiwa porini mke ana miiko: asizime moto, asisuke nywele, asigombane na mtu. Kwa Somoe, kuacha kugombana na mama mkwe kutwa nzima ilikuwa kazi kuliko kulima. Lakini siku hiyo alijikaza. Alichochea moto, akafunga mdomo.

Kabla ya jua kufika juu, Mtakoma akarudi peke yake. Hakubweka. Aliingia chini ya ghala, akalala akiwa ameukunja mkia tumboni, macho njiani.

Halafu likaja jua la utosi. Mnalijua? Wakati ule kivuli cha mtu kinapojificha chini ya nyayo zake, usijue nani anacho na nani hana. Hapo ndipo Makwinya alipoingia uani, kapu kubwa begani.

Hakusimama njia panda, kama wafanyavyo wawindaji, kungoja mkewe amletee maji ya kunawa. Hakubisha hodi. Alitua kapu, akakaa juu ya kigoda chake.

"Nimekuja," akasema.

Sauti ilikuwa yake. Lakini ilitoka polepole, ikavuma, kama upepo ulioingia kwenye kibuyu.

"Mwanangu! Simba wangu!" Bi Likongo akapiga kigelegele, akakimbilia bakuli. "Somoe, unaduwaa nini? Mwanamume kaleta nyama, wewe umesimama kama mlingoti!"

Somoe alikuwa anatazama. Kapuni hamkuwa na ngozi, hamkuwa na kwato, hamkuwa na kichwa. Nyama tupu, nyekundu, safi. Kwenye bakuli la Bi Likongo kulikuwa na nzi. Kwenye pua ya Mtakoma kulikuwa na nzi. Kwenye ile nyama hakutua hata mmoja. Na mtu aliyetoka porini jua likiwaka hivyo, usoni hakuwa na tone la jasho.

"Bwana," akasema Somoe, "niibanike? Kwa joto hili itanuka kabla ya jioni."

"Haitanuka."

"Nikuletee maji? Umetembea mbali."

"Sina kiu."

"Upepo je, leo ulikuwa wa wapi?"

Yule mtu akageuza shingo taratibu. "Upepo ulikuwa wangu," akasema. "Pika, mke wangu. Mle wewe na mama. Mle yote, msibakize."

Somoe akachukua kisu, akainua pande moja. Lilikuwa na joto, wala si joto la jua. Lilikuwa na joto la mtu aliyelala karibu yako. Aliposogeza kisu, pande likajikunja. Somoe akainama, akanong'ona, "Makwinya?"

Kapu zima likatikisika.

Nyinyi mngepiga yowe, najua. Somoe hakupiga. Mwenye kupiga yowe huonyesha alichokiona. Alilirudisha lile pande kapuni, akainjika chungu cha maji matupu, akatia chumvi, akafunika.

"Mbona hainukii?" akauliza Bi Likongo.

"Ngoja, mama."

"Nimengoja tangu msimu uliopita. Nipe hata mchuzi."

"Mama, ngoja."

Kizee akanyoosha mkono kapuni. Somoe akaupiga kofi. Ndiyo, mkono wa mama mkwe! Siku nyingine ungeitwa ukoo mzima. Lakini siku hiyo Bi Likongo alimtazama mkwewe usoni, akaona kitu huko, akakaa chini na bakuli lake.

Somoe naye akaketi, akakunja miguu vizuri, akalainisha sauti.

"Bwana," akasema, "mimi ni mtu wa jikoni, ya pori siyajui. Wanasema pori lina mwenyewe. Hivi fungu lake huwa ni nini?"

"Ulimi."

"Paja je?"

"Ulimi."

"Hata kipande cha ini, mtu mkubwa kama yule?"

"Ulimi tu," akasema yule mtu, na sauti ikajaa kiburi. "Mwenye pori si mlafi."

"Na mtu akichukua zaidi ya fungu lake, anaitwaje?"

"Mwizi."

"Na mwizi anafanywaje?"

"Anarudisha."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Bi Likongo. "Fungu ni ulimi. Aliyezidisha ni mwizi, arudishe."

Hapo Somoe akafunua chungu. Mvuke ukapanda. Ndani maji matupu.

"Basi, mwenye pori," akasema, "karibu. Sikukuamkia vizuri ulipoingia. Ulikuwa unatudai ulimi. Mbona kapuni mna mapaja, mna mbavu, mna moyo ambao bado unadunda? Wewe na mume wangu, nani mlafi?"

 Hata moto uliacha kulia. Yule mtu akatazama chungu, akatazama kapu, akamtazama Somoe. Halafu akafunua mdomo kucheka, na Somoe akaona ndani. Hamkuwa na ulimi. Kulikuwa na giza tu, kama tundu la kichuguu.

"Umenifunga kwa kamba yangu," ile sauti ikavuma. "Haya. Libebe kapu mpaka mningani. Uniachie fungu langu, na usiangalie nyuma. Ukinipunja, nitakuja tena, na siku hiyo sitaulizwa maswali."

Upepo ukapita uani. Kigoda kikabaki kitupu.

Somoe akajitwika kapu. Lilikuwa zito kama mtu, tena kama mtu anayepumua. Akashika njia ya pori, jua likimchoma utosini kupitia nyama. Nyuma yake akasikia kucha za mbwa mchangani. Mtakoma alikuwa ametoka chini ya ghala, anafuata.

Hawajafika mbali, kapu likasema. Sasa ilikuwa sauti ya Makwinya hasa, ile ya majivuno.

"Somoe, mke wangu mwerevu! Usiache ulimi. Acha sikio. Nani atajua?"

Somoe akatembea.

"Somoe, acha kidole. Kile kidogo cha kushoto. Kinanifaa nini?"

Somoe akatembea. Jasho lilimwingia machoni, asiweze kujifuta.

"Somoe," kapu likanong'ona, sauti ikawa tamu sasa, "mbwa anatufuata. Ulimi ni ulimi. Mkate Mtakoma, uweke wake. Nirudi mzima, tukae, nikuimbie kama zamani. Hutaki nikuite tena jina lako?"

Hapo ndipo miguu ilipomsita Somoe. Msidhani hakumpenda. Zamani, kabla mdomo haujawa mkubwa, mume wake alikuwa akimwimbia jioni, naye alikuwa akijifanya hasikii. Akasimama katikati ya njia, kisu kiunoni, mbwa nyuma yake akihema. Ingekuwa rahisi. Mbwa angekuja akiitwa.

"Mtakoma hakula cha mtu," akasema. Akatembea.

Akafika mningani, akatua kapu kando ya kisiki. Hakuhitaji kutafuta. Katika nyama yote ile, kimoja tu ndicho kilichokuwa kinapapatika, kinaomba, kinaapa, kinaahidi. Akakishika. Kilisema "Somoe" mara moja ya mwisho. Akakiweka kisikini, akageuka, akaondoka.

Nyuma yake kukawa na mlio kama vijiti vinavyopangwa. Hakuangalia. Kukawa na mlio kama ngozi mbichi inayovutwa. Hakuangalia. Halafu zikaja hatua, mara nzito, mara nyepesi, zinamfuata. Nazo zaweza kuwa za nani? Somoe hakujua, na hakuangalia.

Kisha akasikia nzi.

Alikuja mmoja, wakaja wawili, likaja kundi. Walimpita sikioni, wakaenda kumtua yule wa nyuma. Na harufu ya jasho ikamfikia, jasho kali la mwanamume aliyeshinda porini. Mtakoma akabweka kwa furaha, akaruka. Ndipo Somoe alipojua kuwa amerudi na mtu, na ndipo alipolia, njiani, mbele ya mbwa tu.

Bi Likongo alikuwa mlangoni na bakuli lake. "Mwanangu! Sema, mwanangu, umepona?"

Makwinya akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Kizee akatazama mle kinywani kwa muda mrefu. Halafu akainua bakuli walimokula zile ndimi tatu, akalipasua kwenye jiwe, na tangu siku hiyo hakuomba nyama tena.

Makwinya akaishi. Akawinda vizuri kuliko zamani, maana mtu asiyesema husikia mengi. Kila alichoua, ulimi aliuweka kisikini kwanza. Wanawake kisimani walimwambia Somoe, "Shoga, una bahati! Mume hajibu!" Somoe aliwatazama, akajitwika mtungi, akaenda zake.

Kwa sababu wao hawakukaa ua ule jua la utosi. Wakati ule, kuku wakinyamaza wote kwa pamoja, kutoka upande wa mninga husikika mtu akisema. Ni sauti ya Makwinya. Anajisifu, anahesabu wanyama, anacheka. Halafu inalainika, inaimba ule wimbo wa jioni, inaita, "Somoe... Somoe..."

Na Makwinya mwenyewe yupo hapo juu ya kigoda, ameziba masikio kwa mikono miwili. Somoe huchochea moto wake, asiitike.

Nanyi mkiwa njia ya pori, jua liko utosini, mkasikia mnaitwa kwa jina na sauti mnayoipenda, tazameni kwanza kama kuna nzi.

Paukwa!

— Pakawa!

Na nzi je?

— Wapo!

Basi kuleni. Hadithi yangu nimeitua kisikini. Anayetaka paja achukue paja, anayetaka mbavu achukue mbavu. Ulimi niachieni mimi, nina kazi nao kesho.