Kalamu Iliyopita Kapuni

Hapo zamani, na mtu asiniulize zamani ya lini maana chaki ilikuwapo na kengele ilikuwapo, palikuwa na shule katika mji mmoja wa bara wenye baridi ya kukunja vidole. Shule ilikuwa ya serikali, lakini kiwanja kilitolewa na kanisa, basi mchungaji akawa na kiti chake mbele ya paredi. Ng'ambo ya barabara palikuwa Majengo, mtaa wa Waislamu, na watoto wa Majengo walisoma shule hiyohiyo kwa sababu nyingine haikuwapo. Sogeeni karibu. Hadithi hii nikiisimulia huwa silali vizuri, na leo nataka tukose usingizi pamoja.

Shule ile ilikuwa na kapu. Kapu la mkonge, la kubebea viazi, hata mpini mmoja ulikuwa umelegea. Siku moja kabla ya mtihani wa darasa la mwisho, kila mtahiniwa alileta kalamu yake, Mwalimu Mkuu akaikagua, mtoto akaitumbukiza kapuni. Kisha Mchungaji alilinyanyua kapu juu ya kichwa, akaziombea kalamu zote, watoto wakaitika amina, na kapu likafungiwa stoo hadi asubuhi. Sheria ilikuwa fupi: kalamu isiyopita kapuni haiingii kwenye mtihani.

Mtaniuliza, kapu lilikuwa la ukaguzi au la maombi? Hapo ndipo penye kizaazaa. Mwaka mmoja mtoto alikutwa na majibu yameviringishwa ndani ya kalamu. Matokeo ya shule nzima yakafutwa, na mwalimu mkuu wa wakati huo akaondoka na sanduku lake bila kuagwa. Ndipo kapu likaletwa, kwa ajili ya ukaguzi. Lakini kapu lilikaa mbele ya watu, na mchungaji alikaa mbele ya watu, basi maombi nayo yakaingia. Tangu hapo vitu hivyo viwili vikachanganyika kama mchele na chuya, na hakuna aliyekaa chini kupepeta.

Palikuwa pia na desturi tamu. Mtoto aliyefaulu alirudi mwaka uliofuata, siku ya kapu, na kalamu yake ya mtihani. Aliitoa mbele ya paredi, akampa mtu aliyemfikisha mlangoni. Mtu mmoja tu, maana kalamu haigawanywi. Aliyepewa aliichomeka juu ya mlango wa nyumba yake, na kila mgeni akauliza, na kila mgeni akahadithiwa.

Sasa, huko Majengo aliishi mjane, Bi Saumu, na binti yake Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa na akili nyepesi kwa hesabu na nzito kwa maneno, mtoto wa kujibu baada ya kufikiri. Jumapili moja kabla ya mtihani alinyweshwa kombe, maandishi ya aya yaliyooshwa kwa maji ya waridi, ili moyo wake utulie. Msicheke. Wa huku walikuwa na kapu, wa kule walikuwa na kombe, na wote walikuwa wanaogopa mtihani.

Bi Saumu akamwambia bintiye, "Mwanangu, wao wana Mola wao wanavyomwomba, nasi tuna wetu tunavyomwomba. Siwatukani. Lakini kalamu iliyoombewa kapuni usiishike. Niapie."

Mwanaidi akafikiri, kisha akaapa.

Bi Saumu akaenda kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Kerubo. "Mwalimu, ikague kalamu ya mwanangu. Ifungue, ipulize, ichungulie. Ukimaliza iweke kando, isiingie kapuni."

Mwalimu Kerubo aliogopa. Aliogopa lile sanduku la kuondokea bila kuagwa. Akasema, "Mama Mwanaidi, nikimtolea mmoja, kesho wote watataka kutolewa. Kapu ni moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kuinama nainama, Mwalimu, mara tano kwa siku. Lakini si mbele ya kapu."

Wakaachana hivyo. Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga.

Siku ya kapu ikafika. Mwanaidi alijibanza nyuma ya madarasa, uso ukutani, akisikia amina zinapanda. Bi Saumu alisimama nje ya ua wa seng'enge kuhakikisha kiapo kinashikwa, macho hayakubanduka kwenye kapu. Na kwenye foleni alikuwapo Naliaka, rafiki wa Mwanaidi, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Naliaka alikaguliwa kalamu mbili. "Moja ya akiba," alisema. Akazitumbukiza zote mbili. Ya pili haikuwa ya akiba. Alijua rafiki yake angefukuzwa mlangoni, akaogopa, na kwa kuogopa akamfanyia rafiki yake jambo ambalo hakutumwa.

Mchungaji Mutinda akalinyanyua kapu. Akaliombea lote. Mkono wake haukuingia kapuni hata mara moja. Kumbukeni hilo.

Kukapambazuka. Ukungu ulikuwa umelala uwanjani na watoto walikuwa wanatetemeka, nusu baridi, nusu hofu. Darasa la mtihani lilikuwa karibu na ua, na nje ya ua wazazi walisimama wakichungulia. Mlangoni Mwalimu Kerubo na kapu lake, kando yake Mchungaji, ndani msimamizi mgeni aliyetumwa na serikali, mtu wa saa, mlango ungefungwa kengele ikilia na usingefunguliwa tena.

Mwanaidi akafika na kalamu ya nyumbani.

"Ya kapuni iko wapi?"

"Sina, Mwalimu. Nina hii. Ikague."

"Kaa kando."

Akakaa kando. Foleni ikampita. Watoto walimpita wakitazama viatu vyao. Kalamu ilikuwa inaloa jasho mkononi mwake, katika baridi ile.

Naliaka akafika. Akatoa kapuni kalamu zake mbili, akamnyooshea moja. "Chukua. Nilikuwekea wewe."

Mwanaidi akaitazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji asiyoyajua. "Imeombewa?"

Sasa hapa, jamani, neno dogo tu lingetosha. *Hapana*. Naliaka angelisema na mambo yangekwisha. Lakini wale hawakuwahi kudanganyana, hata juu ya mhogo wa kuchoma. Machozi yakamlenga.

"Imeombewa," akasema. "Sitakudanganya. Lakini ichukue, tafadhali."

"Niliapa."

"Basi na mimi siingii." Naliaka akatoka kwenye foleni, akasimama kando ya rafiki yake. "Tulianza pamoja. Tutabaki nje pamoja."

Mwalimu Kerubo akasema, "Naliaka! Una wazimu?" Msimamizi alikuwa ameshika kamba ya kengele. Watoto wawili nje, mlango nusu wazi.

Mchungaji Mutinda akawatazama wasichana wale. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, aliyewahubiria watu miaka mingi kwamba njia ya mwongo ni fupi. Akafungua kinywa.

"Mwanaidi, kalamu hiyo sikuiombea. Niliona Naliaka ana mbili, nikajua moja ni yako. Niliitoa kabla ya maombi, nikairudisha baadaye. Iko kama ilivyotoka dukani. Ingia, mwanangu."

Ulikuwa uongo. Uongo mtupu, mchana kweupe, kutoka kwa mtu wa madhabahu. Naliaka na wenzake, waliofumba macho wakati wa maombi, waliamini.

Nje ya ua alikuwapo mtu mmoja aliyejua kwa hakika. Bi Saumu aliona jana kwa macho yake: kapu lilipanda zima, likashuka zima. Akashika seng'enge kwa mikono miwili. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Angesema, mwanawe angebaki nje na kiapo chake safi. Angenyamaza, mwanawe angeingia na kiapo kilichovunjika bila kujua. Mwanaidi aligeuka akamtazama mama yake, kama kumuuliza.

Bi Saumu akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ingia.

Mwanaidi akaipokea kalamu ya Naliaka, Mwalimu Kerubo akaufungua mlango, wasichana wakaingia. Kengele ikalia. Mlango ukafungwa. Bi Saumu alipoachia seng'enge, viganja vyake vilikuwa vinatoka damu, na hakuhisi.

Mwanaidi akaandika. Kalamu ilimtii kutoka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho. Naliaka naye aliandika, lakini karatasi yote ya kwanza namba zilimchezea machoni. Matokeo yalipotoka, Mwanaidi aliitwa shule kubwa ya mkoa. Naliaka, aliyekuwa akimshinda mara nyingine, aliitwa shule ya kutwa ya papo hapo mjini. Alimkumbatia rafiki yake akacheka, na kicheko kile kilimuuma Mwanaidi kuliko kilio.

Mwaka ukazunguka. Siku ya kapu ikakaribia tena, siku ya kutoa kalamu. Mchungaji Mutinda alikuwa amekonda. Kila alipopanda mimbarani alisikia sauti yake mwenyewe mlangoni siku ile. Hatimaye akavuka barabara, akaingia Majengo, akapiga hodi kwa Bi Saumu. Mwanaidi alikuwapo, amerudi kutoka bweni. Naliaka alikuwapo, wanachambua mchicha.

"Mwanaidi, nilikudanganya. Kalamu ile niliiombea pamoja na nyingine zote. Nisamehe."

Mwanaidi akafikiri, kama kawaida yake. Kisha akamgeukia mama yake, na kabla hajauliza akaona. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo ule ulimwangukia hapo, jikoni kwao, mbele ya mchicha.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua."

"Mimi niliapa kwako. Wewe ndiye uliyeniapisha."

"Na mimi ndiye niliyekivunja kiapo. Kwa Mungu nitajibu mimi, wewe huna lako."

Mwanaidi akalia. Alilia kwa hasira, na alilia kwa sababu hasira yenyewe hakujua aipeleke kwa nani. Shule anayoipenda aliipata kwa mlango huo. Angekuwa nje, angekuwa wapi leo?

Siku ya kapu ikafika. Paredi imejaa. Mwanaidi amesimama mbele, kalamu mkononi, na kwa desturi ya shule kila mwenye dai husema dai lake.

Naliaka akasema, "Mimi nilileta kalamu. Uliponiuliza nilikwambia kweli, wakati kweli ilikuwa inanigharimu. Nikauacha mlango wangu uliokuwa wazi, kwa kuwa wako ulifungwa. Wote hapa walikuficha. Mimi sikukuficha."

Mchungaji akasema, "Kweli ya Naliaka ilikuacha nje, naye pia angebaki nje. Uongo wangu ndio uliowaingiza wawili. Naliaka alikuwa tayari kutoa mtihani wake, mama alitoa kiapo, mimi nilitoa kitu pekee nilichokuwa nacho, neno langu. Tangu siku ile nikihubiri najisikia mgeni."

Bi Saumu akasema, "Mchungaji, uongo wako ulining'inia kwenye uzi mmoja, na uzi ule niliushika mimi. Neno moja langu lingeukata. Naliaka alitoa kilicho chake. Wewe ulitoa kilicho chako. Mimi nilitoa kilicho cha mwanangu, na sikumwomba ruhusa. Mwaka mzima, kila likizo, nimemtazama akiswali, nimenyamaza. Nipeni kalamu au nipeni laana, lakini msiseme sikufanya kitu."

Mwalimu Kerubo naye akakohoa. "Na mimi je? Si ndimi niliyeufungua mlango?" Watu wakaguna. Aliyefunga mlango kisha akaufungua, naye adai asante! Ingawa, tuseme kweli, hata yeye aliliona kapu likipanda zima, na hata yeye alinyamaza. Siku ile asubuhi wote waliogopa, na sijui woga una dini gani.

Mwanaidi akanyoosha mkono. Akamwelekea Naliaka, mkono ukasita: kweli tupu, bila mlango. Akamwelekea Mchungaji, mkono ukasita: mlango, bila kweli. Akamwelekea mama yake, na hapo mkono ukasita zaidi, maana anampenda, na bado hajamsamehe. Akawaza hata kuivunja. Lakini kalamu iliyovunjwa haikai juu ya mlango wa mtu.

Nyuma yake Mwalimu Kerubo amekwisha kulitoa kapu stoo. Lilelile, mpini umezidi kulegea. Watahiniwa wapya wanapanga foleni. Mwishoni kabisa amesimama mtoto mwingine wa Majengo, kalamu ameibana kiganjani, hajui asogee au arudi nyuma, na macho yake yako kwenye mkono wa Mwanaidi, anangoja aone utaishia wapi.

Nawaona mnatazamana. Mimi nimemaliza na sina la kuongeza. Hili sasa ni lenu, na foleni inasogea. Aliyesema kweli, aliyesema uongo, na aliyenyamaza: je, nani alistahili?