Kuchakulo na Mteja wa Kwanza

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mnatafuna nini? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na soko lao. Kuchakulo, yule ndugu yake kindi, mama wa watoto watano, alikuwa karani wa Nyati, akimhesabia magunia. Siku moja akaacha kazi. Akasema, "Nitajitegemea. Nitawaandikia hesabu wafanyabiashara wote." Na nyumbani pana kunde za siku kumi. Kumi tu! Asipopata mteja, watoto watalala njaa.

Akatia daftari kwapani. Chapu, chapu, mpaka kwa Kobe, muuza mihogo. Ngo! Ngo! Ngo!

"Naandika kilichoingia, naandika kilichotoka!"

"Mihogo yangu naijua kwa sura," Kobe akasema. "Nenda, mama."

Chapu, chapu, mpaka kwa Kanga, muuza mayai. Ngo! Ngo! Ngo!

"Naandika kilichoingia, naandika kilichotoka!"

"Umetumwa na Simba mtoza ushuru, wewe! Toka!"

Akapiga hodi mpaka sauti ikamkauka. Siku ya sita Fisi, muuza supu, akamwita. "Dada, supu inanunuliwa, faida siioni, na mke wangu kila siku ananiuliza. Nitafutie inakokwenda, nitakulipa."

Kuchakulo akakaa jikoni kwa Fisi siku tatu, anaandika. Alichokiona! Sogeeni. Fisi alikuwa anaila nyama mwenyewe, sufuriani, jogoo hajawika! Mkewe akiuliza, anamwambia Mbweha ameiba.

Sasa, hesabu ya mtu husemwa pembeni, kwa sauti ya chini. Kuchakulo alilijua hilo. Lakini kunde zimebaki za siku moja, na soko zima limekaa pale linakunywa supu. Akawaza: wakisikia ninavyojua kazi, wataniita wote. Hop! Akapanda juu ya meza.

"Kila siku mapande ishirini yanaingia! Manane yanauzwa! Kumi na mawili yamo tumboni mwa mwenye supu!"

Kwa! Kwa! Kwa! Soko likacheka. Mke wa Fisi akaweka upawa chini. "Na Mbweha uliyemsingizia, baba?" Fisi akainama.

"Haya, nani anafuata?" Kuchakulo akauliza.

Kicheko kikakatika. Kobe akaingiza kichwa. Kanga akakumbuka mayai viza anayochanganya na mazima. Mmoja mmoja wakaondoka, na supu hawajaimaliza.

"Malipo yangu, kaka Fisi?"

"Si ulitaka kusikika? Umesikika. Potea!"

Akakimbilia kwa Nyati. Nafasi yake ameshapewa Panya. "Na hata ingekuwepo, nisingekupa," Nyati akasema. "Yangu utakwenda kuyatangaza wapi?"

Akarudi kwake. Watoto wote watano wakamtazama mikono.

"Mama, umepata mteja?"

"Nilimpata," akasema.

Akawapikia kunde za mwisho. Yeye hakula.

Basi wanangu, na nyie watu wazima mnaojifanya hamsikilizi: mtu akikuamini na mambo yake, usiyatangaze ili upate kazi kwa wengine. Hata kama una njaa. Wenye kukusikia watacheka, kisha watakufungia mlango.

Ngano yangu naikatia hapo. Na kama kuna mjukuu wa Fisi hapa, mimi sikutaja mtu.