Saa Moja ya Kuzima Seva

Wapendwa, yule mkulima na mbegu zake leo tumpumzishe. Amefanya kazi nyingi mno katika mahubiri yetu. Leo nawapeleka hospitali, na wala si wodini, bali kwenye kachumba kadogo mwisho wa korido, ambako wagonjwa hata hawajui kama kuna mtu anakaa. Humo alikuwamo fundi mmoja wa kompyuta.

Hospitali ile ilikuwa na kompyuta kila idara: mapokezi, maabara, dirisha la dawa, wodi ya wazazi. Mafaili yote ya wagonjwa na printa zote viliendeshwa na mashine moja kubwa, ile wanayoiita seva. Seva ikiugua, hospitali nzima inaugua. Basi uongozi ukanunua seva ya pili, fundi akaambiwa aziunganishe zifanye kazi kama moja. Ya kwanza ikianguka, ya pili ishike pale pale, mafaili yafunguke, printa zichape, na asitambue mtu. Akina mama wa nyuma kule, mnanipata? Ni kama tunavyobeba jeneza. Huyu bega likichoka, mwenzake ameshaingia chini, na jeneza halitikisiki.

Fundi akafanya kazi wiki mbili. Mafaili akayaweka sawa kwenye seva zote mbili. Printa, ishirini na tatu kwa jumla, akazipanga kwenye ile ya kwanza. Ilibaki kuzipanga kwenye ya pili, kisha kuizima ya kwanza aone kama mwenzake anashika kweli. Lakini siku ya mwisho kila mtu alikuwa anamhimiza. Fomu ya kukabidhi kazi ilikuwa mezani, kalamu mkononi, na kwenye fomu palikuwa na mstari umeandikwa: "Imejaribiwa na inafanya kazi." Akajiambia, nitamalizia kesho. Akatia saini.

Kesho yake ndipo alipoona alichojifanyia. Kuimaliza ile kazi kulitaka printa zote zinyamaze kwa saa moja. Kuipata saa hiyo, ilimbidi amwombe matroni, mama aliyekuwa mkuu wa wauguzi wote. Na matroni angeuliza: saa ya nini tena, wakati fomu yako inasema imekwisha? Aibu ikamshika. Akasema, ngoja kwanza wiki ipite.

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Ikafika miezi minane.

Na woga, wapendwa, ukahamia ndani yake ukatandika kitanda. Taa ikicheza kidogo, anaikimbilia seva. Simu ikilia, anaitazama kama nyoka. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika, anaifuta vumbi seva ya kwanza, anaitegea sikio kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Akanunua kufuli, akafunga chumba. Akabandika na karatasi mlangoni: USIGUSE. Na watu walisemaje? "Fundi wetu ana bidii jamani, hata likizo haendi!" Ni kweli, likizo hakwenda. Angewezaje kwenda? Nani kati yetu hajawahi kusifiwa kwa jambo ambalo mwenyewe anajua moyoni ni hofu tupu?

Sasa nisikilizeni. Jumanne moja, saa nne asubuhi, seva ya kwanza ikaganda. Ya pili ikashika pale pale. Mafaili yalifunguka kila idara, mapokezi hawakutambua lolote. Fundi akaweka mkono kifuani, akasema, "Ee Mungu, asante." Hajamaliza, simu ikalia. Ni maabara.

"Fundi, printa haitoi lebo."

"Nipe dakika kidogo, dada."

"Hiyo kidogo sina! Kuna mama mzazi yuko chumba cha upasuaji anavuja damu. Chupa ya damu ya kumwongeza ninayo hapa mkononi, na utaratibu unaujua, chupa haitoki bila lebo ya mashine."

Aliujua. Uliwekwa ili mtu asije akatiwa damu isiyo yake. Faili la yule mama lilionekana kwenye kila kompyuta, jina lake, umri wake, kundi lake la damu, vyote wazi kabisa. Lakini printa zote ishirini na tatu zilikuwa kimya, kwa sababu seva ya pili haikuwahi kuzijua. Fundi akaizima ile ya kwanza, akaiwasha upya, na mashine kama ile haiamki upesi. Alisimama mbele yake dakika tisa. Alitokwa na jasho mpaka soksi zikalowa. Aliomba maombi ambayo hakuwahi kuyaomba hata siku anamzika baba yake. Dakika ya kumi lebo ikatoka, na dada wa maabara akakimbia na chupa.

Yule mama alipona. Mtoto naye alipona. Naona mnapiga makofi. Ngojeni kwanza.

Siku ya pili yake mume wa yule mama akaja kwenye kachumba, amebeba kuku miguu imefungwa kwa ukambaa wa mgomba. Akasema, "Nimeambiwa wewe ndiye uliyeikimbilia mashine, mke wangu akapata damu. Sina kitu kikubwa, baba. Pokea hiki." Fundi akampokea kuku kwa mikono miwili. Mdomo ulifunguka, ukweli haukutoka. Akasema tu, "Asante, ndugu yangu." Mlango ulipofungwa alikaa chini sakafuni na yule kuku, akalia.

Mnadhani basi alikwenda kwa matroni siku ile ile? Hakwenda! Mambo yalikuwa yamezidi ugumu, maana sasa juu ya fomu kulikuwa na kuku. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na huyu alikuwa anaendelea kujifunika.

Ijumaa matroni mwenyewe akabisha hodi. Mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Karibu, mama," fundi akasema, huku akitafuta pa kuweka mikono.

"Nimekuja kuona kwa macho yangu, mwanangu. Nasikia Jumanne ile seva ya pili ilishika."

"Ilishika, mama."

"Na printa je? Mbona zilinyamaza?"

"Ni... ni umeme tu, mama. Sasa ziko sawa."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Haya, hamna neno." Matroni akavaa miwani, akainama kwenye seva ya kwanza, akanyoosha kidole taratibu kuelekea kwenye swichi. "Basi nazima hii, ile nyingine ishike, niondoke na amani yangu."

Kidole hakijafika, mkono wa fundi ukaruka wenyewe, ukamkamata matroni kwenye kifundo cha mkono. Kumkamata matroni! "Mama, usizime! Nakusihi, usizime!"

Matroni hakujinasua. Alimtazama juu ya miwani.

"Mdomo wako umeniambia iko sawa," akasema. "Na huu mkono wako, unaniambia nini?"

Fundi akamwachia mkono. Akakaa kwenye kiti, akamweleza yote: fomu, ile kesho isiyofika, dakika tisa, kuku. Matroni akamsikiliza mpaka mwisho.

"Na kuimaliza unahitaji muda gani?"

"Saa moja, mama."

"Saa moja?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu. Miezi minane hulali. Umemwacha mama wa watu avuje damu kitandani. Kwa ajili ya saa moja?" Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa nafuu. "Kesho Jumamosi kliniki zimefungwa. Nakupa saa mbili. Na fomu utaiandika upya, mbele yangu."

Ndugu zangu, sisi nasi tumetia saini. Tumeandika kwamba imejaribiwa na inafanya kazi. Umetangaza kuwa umemsamehe ndugu yako, lakini jina lake likitajwa, unageuza mazungumzo. Umesimama hapa mbele ukashuhudia kwamba nyumbani kwako ni amani, na mkeo ameketi pale anatazama sakafu. Neno tunalifungua vizuri sana, sura na mstari, faili zima tunalisoma. Inapofika wakati kitu kitoke kwetu kimfikie mtu anayekata roho, kimya. Halafu tunabandika karatasi mlangoni, usiguse, na kanisa linatusifu kwa bidii.

Kuna mtu atasema, mchungaji leo anatutisha. Ndiyo, nawatisha. Na mimi mwenyewe nimeandaa maneno haya kwa hofu, kwa sababu iko saa moja yangu ambayo sijaiomba.

Hebu mtazameni tena yule matroni. Alikuwa na huruma, mama yule. Alinyoosha kidole taratibu, na kabla hajagusa akasema, nazima. Fundi akapata nafasi ya kumshika mkono. Wewe nani alikuahidi kwamba siku yako utatangaziwa? Nani alikwambia utapata hata sekunde ya kupiga kelele, usizime?

Wiki isipite. Yule unayepaswa kumwambia ukweli unamjua, sina haja ya kumtaja. Huenda mmeketi benchi moja. Tukimaliza hapa usikimbilie mlangoni. Mgeukie, umwombe hiyo saa moja, maana leo bado mpo hai wote wawili, wewe na yeye, na taa zote zinawaka.