Ngoma ya Kina Pimbi

Paukwa!
— Pakawa.
Palikuwa na nini?
— Na majani ya wenyewe.
Akaja nani?
— Sema wewe, tusikie.

Basi kaeni vizuri. Nyamvula, kunja huo mguu, na usinicheke kabla sijaanza.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mwamba mrefu, chini ya mwamba mbuga, na mwisho wa mbuga korongo la maji. Mwambani hapakuota kitu. Mbugani majani yaliota mpaka kiunoni. Wenye mbuga walikuwa kina pimbi, na mkubwa wao alikuwa Bi Pimbi, mama mfupi, mnene, asiye na mkia. Siku mikia ilipogawiwa, bibi yake alituma aletewe, na aliyetumwa akapotea nao. Tangu hapo kina pimbi waliapa: jambo la maana humtumi mtu, unalifuata kwa miguu yako.

Kila mwaka, majani yalipoanza kugeuka rangi lakini mashina bado mabichi, kina pimbi walichoma mkanda mmoja mwembamba, kutoka mwambani mpaka korongoni. Moto mdogo, wa kutambaa. Nyuma ya moto walikuja wakicheza ngoma, wakubwa kwa wadogo, wakiuzima kwa matawi na nyayo:

Kanyaga, kanyaga, hapa ni petu,
Bibi alikanyaga, na sisi twakanyaga.

Kiangazi kilipokuja, moto mkubwa kutoka mbali ulifika kwenye mkanda ule, ukakosa cha kula, ukafa. Mbuga ya nyuma ya mkanda ikabaki salama.

Mwaka mmoja akaja Nyati na ukoo wake. Kwao kulikuwa kumekauka, mbavu zimewatoka. Kina pimbi wakawakaribisha. Siku ya kwanza Nyati akala. Siku ya pili akala. Siku ya tatu Bi Pimbi akamletea tawi la kuzimia moto.

"Mgeni siku mbili, baba, ya tatu mpe jembe," akamwambia. "Leo tunachoma mkanda. Karibu tukanyage pamoja."

Nyati akalitazama tawi, akatazama mbuga. "Mnachoma chakula? Ninyi ni waharibifu. Na mbuga hii ina mwenyewe gani? Sioni ua, sioni mlango. Basi ni yangu."

Haya. Umempa mtu maji ya kunawa, yeye anakuuliza kisima ni cha nani.

Nyati akatumia pembe. Akawafukuza kina pimbi mpaka juu mwambani, kwenye mawe matupu. Akapiga marufuku moto. Akamweka Ngiri awe askari wake, Ngiri huyo huyo aliyezaliwa pale, mtoto wa jirani. Kina pimbi wakaruhusiwa kushuka mara moja tu kwa siku, kunywa maji korongoni. Watoto wao walilia njaa huku wakiona majani ya kwao yakitafunwa na wengine, na iliwauma sana.

Bi Pimbi hakumtuma mtu. Alishuka mwenyewe. "Nyati, turudishie kwetu." Nyati akamrusha kwa pembe.

Akapona, akashuka tena. "Nyati, kama huturudishii, basi tuache tuchome mkanda. Majani yamekuwa marefu mno." Ngiri akamnyang'anya makaa aliyokuja nayo, akayamwaga yote majini, na Nyati akacheka.

Akashuka mara ya tatu. Watoto wake walimshika wakimwambia, "Mama, huyu atakuua." Akajibu, "Nikikaa hapa nitakufa na njaa, na mbuga itakufa na moto. Niacheni." Akafika, akasema, "Nyati, umekataza moto. Ngoma umeikataza?"

"Ngoma?"

"Ya bibi zetu. Tucheze tunapokwenda majini, turudi tukicheza."

Nyati alicheka mpaka machozi. "Ngoma ivumayo haidumu. Chezeni mchoke."

Basi wakacheza. Kila walipokwenda majini walicheza, kwa mstari ule ule wa zamani, kutoka mwambani mpaka korongoni. Imbeni nami, msiniachie kazi peke yangu:

Kanyaga, kanyaga, hapa ni petu,
— Bibi alikanyaga, na sisi twakanyaga.

Nyayo zikachubuka. Wengine wakasema imetosha. Bi Pimbi akawaambia, "Anayechoka akae, anayekaa aimbe." Majani yakalala, yakakatika, yakawa vumbi. Ngiri akaenda kusema, "Bwana, pale majani yanakwisha." Nyati akamjibu, "Mkanda mwembamba ule? Mimi nina mbuga nzima."

Kiangazi kikaja, na upepo, na moto. Haukuwa moto wa kutambaa. Majani marefu yasiyochomwa yaliupandisha mpaka mbingu ikawa nyeusi. Nyati akakimbia na ndama wake, moto ukiunguza mikia yao, mpaka miguu ikakanyaga udongo mtupu. Pale mkandani kina pimbi walikuwa wamejipanga, matawi mkononi. Moto ukafika, ukatafuta cha kula, cheche zikapigwa zikazimwa. Nusu ya mbuga ikaungua, nusu ikapona.

Nyati alisimama akihema. "Bi Pimbi, umeniokoa. Kuanzia leo wewe ni msimamizi wangu. Utakula mbugani kila siku, utamwamuru hata Ngiri."

"Sitaki."

"Unataka nini zaidi?"

"Hukunipa wewe ardhi hii, basi huwezi kunipa kazi juu yake. Nataka kwetu, pote, na watoto wetu washuke bila kumwomba mtu." Akaonyesha mwamba. "Ulitufukuzia mahali pasipoungua. Tukitaka tutakaa kule tutazame. Moto utarudi mwakani, na wewe, kwa pembe zako zote, mwamba huwezi kuupanda."

Nyati akatazama mwamba. Akatazama ndama wake, mikia imeungua. Akainamisha pembe chini.

Bi Pimbi akaokota tawi la kuzimia moto. "Siku yako ya tatu ilipita zamani, lakini jembe bado lipo. Ukikaa, kaa kama jirani. Shika."

Nyati akashika, akakanyaga. Ndiyo maana mpaka leo palipo na nyati pana njia pana, tupu, isiyoota kitu. Ngiri alipiga magoti kuomba radhi, na hadi leo anakula amepiga magoti. Na kina pimbi? Kwao ni mbugani, ila kila siku utawaona wameketi juu ya mwamba, macho mbali. Wanaangalia kama moto unakuja, na kama mgeni bado anakanyaga.

Kwa hiyo, wanangu, mkinyang'anywa chenu msikubali kupewa kazi badala yake. Na ngoma za bibi zenu chezeni, hata anayewacheka akicheka.

Hadithi yangu imefika korongoni, imekunywa maji, imelala. Iliyowafaa mkae nayo, isiyowafaa nirudishieni niitie chumvi.