Togwa ya Mkutano wa Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, sogeeni mfunge midomo, wanyama walijenga nyumba na kulea watoto kama sisi. Na kuwaharibu kama sisi.

Nguchiro, mdogo kama kiatu, alipika pombe kichakani. Vijana walikunywa mpaka wakasahau njia ya kwao. Mama Swala alishamzika mwanawe wa kwanza kwa sababu ya pombe hiyo. Akabaki na mmoja, Tindo, ambaye hajaonja bado.

Akaenda kwa Mzee Tembo. "Mzee, itisha mkutano. Vijana waonywe kabla sijamzika na huyu."

"Utaitishwa!" Tembo akatikisa masikio, pwaa!

Nguchiro akasikia. Mbio, purukupuru, huyo! "Shikamoo mzee. Vijana watakuja bila kinywaji? Nitaleta togwa mimi, tamu, ya watoto. Pombe nimeacha, wallahi."

"Marahaba! Umeona, Mama Swala? Hata Nguchiro katubu."

"Mfyuu!" Mama Swala akasonya.

Siku ya mkutano mitungi ikapangwa juani. Desturi yao, vijana hawanywi kitu mpaka wakubwa wamalize kusema. Nguchiro aliijua desturi, na wakubwa aliwajua zaidi. Ndani ya kila mtungi alikuwa ametia machicha ya pombe.

Tembo akasema. Kiboko akasema aliyosema Tembo. Nyati akawashukuru wote wawili, kisha akaanza upya. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka.

Chwii, chwii, chwii! Mitungi ikatoa povu.

Mama Swala akaruka. "Wazee! Togwa imechacha! Pombe hiyo!"

"Keti, mama," akasema Tembo. "Maswali mwishoni."

"Si swali!"

"Basi ni maoni. Maoni nayo mwishoni."

Walipomaliza, vijana makoo yamekauka. Gubu, gubu, gubu! Tindo akamaliza kata nzima, akajilamba. "Mama, mbona hukuniambia ni tamu hivi?"

Nguchiro, aliyeketishwa meza kuu, akamwinamia. "Kesho njoo kwangu kichakani, mwanangu. Kule hakuna hotuba."

"Mkutano umefana!" Tembo akashangilia. "Tazameni vijana walivyochangamka!"

Mama Swala hakulia. Alirudi nyumbani kutafuta jembe, lile lile alilochimbia kaburi la kwanza.

Mimi nimemaliza, msiniulize kama Tindo alipona: apendaye sauti yake hasikii mtungi ukichacha.